Ubeti Mmoja kwa Mwezi

Kwa miaka mingi niliyasoma mashairi ya mistiki wa Kikristo kama mchungaji anayehesabu mbuzi jioni: nilichotaka ni kuhakikisha kwamba wote wamo zizini. Nilikuwa na Efremu wa Siria na Simeoni Mwanateolojia Mpya, nilikuwa na Hadewijch wa Brabant na Jacopone wa Todi, nilikuwa na Yohane wa Msalaba, George Herbert na Angelus Silesius, na daftari langu lilijaa mistari niliyoinakili kwa mwandiko mzuri pamoja na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa wa kila mmoja wao, pale unapojulikana. Watu hawa waliandika juu ya muungano wa roho na Mungu kama jambo walilolionja, nami nililichukua onjo lao kama somo la mtihani. Ningeulizwa ni nani aliyejifunza kwa nani, ningejibu bila kusita. Lakini nilipopiga magoti kusali, hakuna hata mshororo mmoja ulionijia mdomoni. Yote yalibaki daftarini, yamepangwa vizuri, kama vyombo vya wageni ambavyo wenye nyumba hawavigusi.

Kilichonibadilisha hakikuwa maono wala mahubiri. Nilifanyiwa upasuaji mdogo wa jicho, na daktari akanikataza kusoma kwa majuma matatu. Siku ya pili, nikiwa nimelala na bandeji, nilijiambia kwamba hiyo ilikuwa nafasi nzuri ya kuyarudia moyoni yale niliyokuwa nimeyakusanya, na ndipo nilipoutambua umaskini wangu. Baada ya kurasa zote zile, nilichokuwa nacho kichwani kilikuwa ubeti mmoja na nusu wa shairi la Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, linaloitwa Usiku wa Giza. Ubeti wenyewe, kwa tafsiri yangu ya wakati ule, ulikuwa hivi:

Usiku mmoja wa giza,
nikiwaka shauku ya mapenzi,
ee bahati njema!
nilitoka bila kuonekana,
nyumba yangu ikiwa imekwisha kutulia.

Kwa kuwa sikuwa na kingine, niliusema huo. Siku za kwanza niliusema kwa kuchoka, na baadaye kidogo kwa hasira, kwa sababu nilijua kuna beti nyingine saba na nilitaka kuzifikia. Mahali fulani katika juma la pili niliacha kuutumia ubeti ule kama daraja la kwendea kwingine. Nilikuwa nikiusema polepole, nikafika kwenye neno "kutulia", nikanyamaza, na sikuona sababu ya kuendelea. Sikusikia sauti wala sikuona nuru. Nilikaa tu pale ambapo neno lilikuwa limenifikisha, pengine kwa dakika moja, pengine kwa kumi, na nilipotoka pale niligundua kwamba nilikuwa nimesali bila kujipangia kusali.

Baadaye niliona kwamba kulikuwa na haki fulani katika namna nilivyolipata shairi lile. Yohane alikamatwa huko Ávila usiku wa tarehe 2 Desemba 1577 na ndugu wa shirika lake mwenyewe la watawa, la Wakarmeli, waliopinga matengenezo aliyoyaanzisha pamoja na mtawa mwenzake Teresa wa Ávila, akapelekwa Toledo na kufungwa ndani ya chumba kidogo chenye upenyo mwembamba tu wa kupitisha mwanga karibu na dari. Alikaa humo karibu miezi tisa, akichapwa viboko na kula kwa shida, na humo ndimo alimotunga sehemu kubwa ya shairi lake jingine, Wimbo wa Kiroho. Beti za kwanza alizitunga na kuzihifadhi kichwani, kwa sababu hakuwa na karatasi. Ilikuwa baadaye, alipobadilishiwa mlinzi, ndipo yule wa pili alipomhurumia akampa wino na daftari. Mwezi Agosti 1578 alitoroka usiku kupitia dirishani, kwa kamba ya mablanketi aliyoyachana. Usiku wa Giza inaaminika aliutunga muda mfupi baada ya hapo, na ni vigumu kuusoma mshororo wa "nilitoka bila kuonekana" bila kumwona mtu yule aliyekonda akishuka ukutani.

Mashairi haya, kwa hiyo, yalizaliwa mahali ambapo mtu hawezi kubeba kitu chochote isipokuwa kile kilichomo ndani yake. Naamini hii ndiyo sababu yanafunguka kwa anayeyabeba na kubaki yamefungwa kwa anayeyapitia kwa macho. Nasema hivi nikijua kwamba wapo wasomi wa fasihi wanaoyapitia kwa macho maisha yao yote na kuyaeleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi, nami huwasoma kwa shukrani. Ila kuyaeleza ni kazi moja, na kukaa ndani yake ni kazi nyingine, na mimi nilikuwa nimeifanya ile ya kwanza huku nikijidanganya kwamba naifanya ya pili.

Lugha yetu inatusaidia kuona tofauti hiyo kwa kuwa ina maneno mawili. Tuna tafakuri, na tuna taamuli. Anayetafakari huhama: hutoka kwenye jambo hili kwenda kwenye lile, hulinganisha, huuliza, hufikia uamuzi. Anayetaamali hutazama. Kutaamali ni kukikazia kitu macho kwa utulivu bila kukitaka kiwe kingine, na shairi la mistiki limeundwa kwa ajili ya mtazamo wa namna hiyo. Usiku wa Giza wote, beti 8 zenye mishororo 40, hautaji jina la Mungu hata mara moja. Kuna usiku, ngazi ya siri, upepo juu ya ngome, nywele, shingo, mayungiyungi. Anayetafakari huuliza mara moja kila kimoja kinamaanisha nini, na Yohane mwenyewe alijaribu kumjibu mtu huyo: aliandika vitabu viwili vikubwa vya nathari, Kupanda Mlima Karmeli na Usiku wa Giza wa Roho, vyote viwili kwa kisingizio cha kulifafanua shairi hili moja. Vyote viwili havikumalizika. Ufafanuzi unaishia pale anapoanza ubeti wa tatu, kisha kimya. Beti tano za mwisho, zile ambamo wapenzi wanakutana, hazikupata ufafanuzi wake kabisa.

Zamani hilo lilinikera, kama mtu aliyenunua kitabu akakuta kurasa zimechanwa. Sasa nadhani ni msaada mkubwa. Katika utangulizi wa ufafanuzi wa Wimbo wa Kiroho, aliouandika kwa ombi la Mama Ana wa Yesu, mtawa wa shirika lake, Yohane anasema waziwazi kwamba maneno ya mapenzi ni afadhali yaachwe katika upana wake, ili kila mmoja anufaike nayo kwa kadiri ya njia yake na uwezo wa roho yake, kuliko kuyabana kwenye maana moja ambayo si kila mtu ataipenda. Mwenye shairi ndiye anayesema maelezo yake si ya lazima! Sijui mwandishi mwingine aliyeandika mamia ya kurasa za ufafanuzi na kumpa msomaji ruhusa kama hiyo tangu mlangoni.

Bandeji ilipoondolewa, nilijiwekea utaratibu ambao nimeushika tangu wakati huo kwa uaminifu wa wastani. Huchukua ubeti mmoja na kukaa nao mwezi mzima. Huunakili kwa mkono kwenye kadi, na beti zinazofuata kitabuni huzifunika kwa karatasi, kwa sababu najijua: jicho langu likiona kuna mbele, litakimbilia mbele. Alfajiri, kabla ya kugusa simu, huketi na kuusema kwa sauti mara tatu, si haraka, nikipumua mwishoni mwa kila mshororo. Kisha huacha mshororo mmoja uje wenyewe. Ukija, hukaa nao. Usipokuja, huurudia ubeti wote, na wakati mwingine nusu saa nzima huisha kwa kurudia tu. Jioni huusema tena mara moja nikiwa nimelala, bila kadi. Hakuna zaidi ya hapo. Niliwahi kuongeza daftari la kuandika "niliyoyapata", nikaliacha baada ya miezi miwili, kwa sababu nilianza kuusoma ubeti nikiwa tayari natunga kichwani sentensi za kuandika daftarini.

Kusema kwa sauti si pambo. Efremu, aliyezaliwa Nisibis karibu mwaka 306 na kufariki Edessa mwaka 373, alitunga tenzi zake za Kisiria ziimbwe, na mapokeo yanamkumbuka kama mtu aliyezifundisha kwaya za wanawake ili imani iingie kwa masikio ya watu wote. Shairi la namna hiyo likisomwa kimya linapoteza nusu ya mwili wake. Nimeona pia kwamba ulimi ni mkweli kuliko jicho: jicho huruka neno gumu bila aibu, lakini ulimi hujikwaa, na pale unapojikwaa mara nyingi ndipo penye kazi ya siku hiyo.

Efremu huyo huyo ndiye aliyeniponya na tamaa ya kumaliza. Akizungumzia Neno la Mungu, anasema kwamba mwenye kiu hufurahi anapokunywa, wala hahuzuniki kwa sababu hawezi kuikausha chemchemi. Chemchemi na iishinde kiu yako, kiu yako isiishinde chemchemi, kwa maana kiu ikitulizwa na chemchemi ikabaki, utakunywa tena siku nyingine. Alikuwa akisema juu ya Maandiko, nami sitaki kuyaweka mashairi mahali pa Maandiko. Lakini adabu ya kunywa ni ile ile.

Yohane na wenzake hawakuandika kwa lugha yetu, na kwa muda mrefu nililiona hilo kuwa hasara tupu. Nilidhani nasoma kivuli cha kivuli. Mwezi wa ubeti wa tano wa Usiku wa Giza, kwa mara ya kwanza, nilibadili mawazo. Katika ubeti huo Yohane anausifu usiku uliowaunganisha wapenzi wawili, na kwa Kihispania anasema "Amado con amada, amada en el Amado transformada". Lugha yake inatofautisha mwanamume na mwanamke kwa irabu ya mwisho tu, o na a, na katika mishororo ile irabu hizo zinakaribiana hadi mtu anayesikiliza karibu azichanganye. Nilipojaribu kuyasema maneno hayo kwa Kiswahili nilipata: Mpendwa pamoja na mpendwa, mpendwa ndani ya Mpendwa amegeuzwa. Kwetu hakuna irabu ya kuwatofautisha. Wote wawili ni mpendwa, na herufi kubwa ninayoiandika haisikiki. Nikiufunga ukurasa na kuusema mshororo ule kwa sauti, sikio halijui tena yupi ni yupi.

Najua kilichopotea. Kwa Kihispania roho inazungumza kama mwanamke, na kwamba mtawa yule wa kiume aliikubali sauti ya bibi arusi wa Wimbo Ulio Bora ni jambo lenye uzito wake, ambalo Kiswahili changu kimelifuta. Mhariri makini angenitaka niseme "bwana arusi" na "bibi arusi" ili maana isipotee. Nimekataa. Yohane alikuwa akieleza muungano ambao ndani yake roho inabaki kiumbe na hata hivyo inashirikishwa uzima wa Mungu, na lugha yake ilimfikisha hadi kwenye irabu moja ya tofauti. Lugha yetu inaivuka hata hiyo na kuiacha tofauti ikae kimyani, kwenye herufi kubwa ambayo ni msomaji peke yake anayeijua. Nilikaa na neno "mpendwa" siku zote zilizobaki za mwezi ule. Siwezi kueleza vizuri kilichotokea, isipokuwa kwamba nililisema mara nyingi nikidhani namwita Mungu, kisha siku moja nikasikia kama vile ni mimi niliyekuwa nikiitwa.

Mfano mwingine ni mdogo lakini naupenda. Katika ubeti wa saba wa Wimbo wa Kiroho, roho inasema kwamba viumbe vyote vinavyopita vinamsimulia uzuri wa mpenzi wake, na kinachomwacha akifa ni "sijui kitu gani" ambacho vinabaki vikikisema kwa kigugumizi. Katika Kihispania Yohane anarudia silabi moja mara tatu mfululizo, "un no sé qué que quedan balbuciendo", hata mshororo wenyewe unapatwa na kigugumizi. Nilitafuta njia ya kuiga jambo hilo kwa siku nyingi, kabla ya kutambua kwamba neno letu limekwisha kulifanya: ki-gu-gu-mi-zi. Mtu hawezi kulitamka bila kugugumia kidogo. Niliyekuwa nikitafuta ufundi nilikuwa nao mdomoni siku zote.

Jambo la tatu la lugha lilinijia kwa George Herbert, na hapo lazima nikae kidogo. Herbert alizaliwa mwaka 1593, akafikia cheo cha msemaji rasmi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akamaliza maisha yake akiwa padre wa Kianglikana katika parokia ndogo ya Bemerton, ambako hakukaa hata miaka mitatu kabla ya kufa mwaka 1633. Mashairi yake yalichapishwa mwaka huo huo baada ya kifo chake. La mwisho katika sehemu kuu ya kitabu hicho linaitwa Upendo, nalo lina mishororo 18 tu. Upendo unamkaribisha mgeni. Mgeni anarudi nyuma kwa sababu ya mavumbi na dhambi zake. Upendo unamuuliza amepungukiwa na nini, naye anajibu: mgeni anayestahili kuwa hapa. Upendo unasema, ndiye wewe. Anasema hawezi kuinua macho. Upendo unamshika mkono, unatabasamu, na kumuuliza ni nani aliyeyaumba macho hayo. Anasema ameyaharibu. Anakumbushwa ni nani aliyeibeba lawama. Basi mgeni anatoa ngao yake ya mwisho, ambayo ni ya kupendeza kuliko zote: kama ni hivyo, atatumika mezani. Upendo unaikataa hata hiyo. Lazima aketi, aandaliwe. Ndipo shairi linafunga: "Basi nikaketi, nikala."

Shairi hili ndilo ambalo Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1909 katika familia ya Kiyahudi isiyoshika dini, alilijifunza kwa moyo. Mwaka 1938 alikwenda kwenye monasteri ya Solesmes kwa ibada za Juma Kuu na Pasaka, akiwa na maumivu makali ya kichwa, na huko kijana mmoja Mwingereza alimwambia habari za washairi wa Uingereza wa karne ya 17. Baadaye, kichwa kilipomuuma vibaya zaidi, alikuwa akilikariri shairi hili, akiyashika maneno yake kwa nguvu zote za usikivu wake. Katika barua aliyomwandikia padre rafiki yake mwaka 1942 anasema alidhani anakariri tu shairi zuri, lakini pasipo yeye kujua, kukariri kule kulikuwa na nguvu ya sala. Na kwamba ni katika mojawapo ya nyakati hizo Kristo mwenyewe alishuka na kumtwaa. Nimewasikia watu wakiitumia habari hii kama ahadi, yaani kariri na wewe utatwaliwa. Mimi nashikilia maneno yale mengine: pasipo yeye kujua. Hakukariri ili apate kitu. Alikariri kwa sababu kichwa kilimuuma na shairi lilikuwa zuri.

Sasa, kuhusu lugha. Nilipoandika "Basi nikaketi, nikala" kwenye kadi yangu, sikufikiria chochote. Ndivyo Kiswahili kinavyosema. Ilikuwa siku ya kumi na kitu niliposikia ile -ka-. Kitenzi chenye -ka- hakisimami peke yake. Hakiwezi kuanzisha habari. Lazima kiwe kimetanguliwa na tendo jingine ambalo ndilo linalokipa wakati wake. Nikaketi: kwa sababu kuna kilichotangulia. Nikala: kwa sababu kuna aliyeandaa. Mgeni yule, aliyejitetea kwa beti mbili na nusu, mwishowe anapata vitenzi viwili vyake mwenyewe, na vyote viwili ni vya kufuatia. Sikuweza kusali kwa maneno mengine kwa siku kadhaa. Niliketi na kusema "nikaketi", na sentensi iliyotangulia sikuitamka, kwa kuwa haikuwa yangu kuitamka.

Nisije nikaonekana kama mtu ambaye mambo humwendea vizuri, naomba niseme pia yaliyonishinda. Mwanzoni nilisoma barua ya Guigo wa Pili, mkuu wa tisa wa monasteri ya Grande Chartreuse huko Ufaransa, aliyeandika katika karne ya 12 juu ya ngazi ya wamonaki yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na taamuli. Kusoma, anasema, hutia chakula kinywani, kutafakari hukitafuna, kusali huipata ladha yake, taamuli ndio utamu wenyewe unaofurahisha. Ni barua ya ajabu kwa uzuri wake, nami niliigeuza kuwa ratiba. Nilitenga dakika 5 kwa kila kidato na kuweka kengele kwenye simu, kisha nikakaa nikisubiri simu inijulishe kwamba nimeanza kutaamali. Guigo alikuwa ameandika wazi kwamba kidato cha mwisho hakipandwi kwa nguvu za mtu, ila hupewa. Niliisoma sentensi hiyo, nikaipigia mstari, nikaendelea kutega kengele.

Kosa lingine ni zito zaidi, na nimeliona kwa wengi. Maneno "usiku wa giza" yamekuwa mepesi mno midomoni mwa watu. Mtu akifiwa na shauku ya kusali kwa juma moja, au akikosana na wakubwa wake kazini, husema yumo katika usiku wa giza wa roho, na mimi nimesema hivyo. Yohane alikuwa mwangalifu kuliko mashabiki wake. Anatoa dalili tatu ambazo ni lazima ziwepo pamoja: kwamba mtu haoni faraja katika mambo ya Mungu wala katika kiumbe kingine chochote, kwamba ana wasiwasi wenye uchungu akidhani hamtumikii Mungu bali anarudi nyuma, na kwamba hawezi tena kutafakari kwa kutumia picha za mawazo kama alivyozoea. Anaeleza pia kwamba ukavu unaweza kutoka kwenye uvuguvugu wa mtu mwenyewe, au kwenye ugonjwa wa huzuni, ambao wakati wake uliitwa melankolia. Nilipojipima kwa dalili hizo, niliishia kwenye ya kwanza. Sikuwa na faraja katika sala, hiyo ilikuwa kweli, lakini faraja katika mambo mengine nilikuwa nayo tele. Nilikuwa mvivu tu. Ushairi huu una hatari hiyo: unampa mtu maneno makubwa kuliko hali yake, naye akiyavaa hujiona mrefu.

Angelus Silesius humfaa mtu aliye katika hali hiyo, kwa sababu ni mfupi na hana huruma. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Johannes Scheffler. Alizaliwa Breslau mwaka 1624, akawa tabibu, akahamia Kanisa Katoliki mwaka 1653 na baadaye akapewa upadre. Kitabu chake cha mwaka 1657 kina mamia ya beti za mishororo miwili miwili, na ule unaojulikana kuliko yote unasema kwamba waridi halina kwa nini. Linachanua kwa kuwa linachanua. Halijiangalii, wala haliulizi kama linaonekana. Nilikuwa na ubeti huo mwezi mmoja mzima, na ulinifukuza kila mahali. Kila nilipojiuliza kama sala yangu inaendelea vizuri, waridi lilikuwa pale, halijiulizi. (Scheffler mwenyewe, lazima nikiri, alitumia miaka yake ya mwisho akiandika vijitabu vingi vikali vya mabishano dhidi ya Waprotestanti, na vile havinuki waridi. Hilo halinipunguzii heshima ya ubeti ule. Linanifanya nidhani aliuandika kwanza kwa ajili yake.)

Siku nyingi, hata sasa, hakuna kinachotokea. Naketi, nausema ubeti, akili inakwenda kwenye deni, kwenye barua ambayo sijaijibu, kwenye maneno niliyoambiwa jana ambayo yalistahili jibu kali. Nairudisha akili kwenye mshororo, inakaa kidogo, inaondoka. Zamani nilizihesabu siku hizo kama siku zilizopotea. Nimeacha kuzihesabu, si kwa sababu nimekuwa mwema, ila kwa sababu nimeona kwamba mshororo unaopatikana siku ya kumi na tano si ule niliokaa nao siku ya kwanza, ingawa maneno ni yale yale, na siwezi kusema ni siku gani kati ya zile kavu iliyoubadili.

Mwaka huu nimerudi kwenye Usiku wa Giza tangu mwanzo. Nimekuwa na ubeti wa kwanza kwa mwezi wa pili sasa, kinyume cha utaratibu wangu mwenyewe, kwa sababu neno la mwisho limenikamata tena. Kwa Kihispania Yohane anasema "sosegada", na katika miaka yote hii nimeandika "imekwisha kutulia". Juma lililopita nilijaribu "imenyamaza", lakini nyumba inaweza kunyamaza kwa hofu. Nikajaribu "imelala", lakini katika nyumba iliyolala hakuna anayewaka shauku. Jana alfajiri nilifika hapo, nikanyamaza, na nikasikia jokofu likinguruma jikoni, kisha likazima. Kadi iko mezani, nafasi ya neno lile nimeiacha wazi, na ubeti wa pili bado umefunikwa kwa karatasi.